Alienda Kitomanga kuuza Land Rover ya baba yake, akakuta daftari

Oktoba 2024, mitandao yote ikiwa imejaa klipu za tamasha la Land Rover kule Arusha, kuna dada mmoja alikuwa saluni kwake Mbagala anasuka mteja, simu kaiegesha kwenye kioo. Mnazikumbuka zile klipu. Land Rover zimepanga foleni isiyoisha, mpya na mikweche, honi, vumbi, kila mtu simu juu. Kwenye moja ikapita 109 ya kijani kilichopauka, na chini mtu kaandika kwamba gari kama ile ikiwa inatembea, kuna watu wanaitolea hela ya kununua Vitz na chenji inabaki.

Dada akaachia nywele za watu.

"Sisi kwetu ile wanalala kuku," akasema.

Mteja akacheka, akajua ni stori za saluni tu.

Kumbe kweli. Kwao ni Kitomanga, mkoa wa Lindi, barabara hiihii ya Kilwa, ukishavuka Mbwemkuru lakini hujafika Mchinga. Nyuma ya nyumba ya mzee wake, pembeni ya mwembe, ndani ya banda la makuti, kulikuwa na Land Rover 109 Series III ya petroli. Ni pickup ya turubai, nyuma ina mabenchi mawili, abiria wanakaa wanatazamana, ule mtindo ambao wazee wa Dar waliuita chai maharage. Namba A, tena A ya mwanzo kabisa. Iliingia bandani 2008 dada akiwa na miaka 12, na haikuwahi kutoka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Kusini ikakatika kule Somanga, tawi la mwembe lilidondoka juu ya banda, makuti yakafumuka, gari likabaki nusu liko juani. Hakuna aliyehangaika kuliezeka upya.

Dada naye alikuwa na sababu zake za kutolitazama lile gari.

Mwaka 2014 matokeo ya form four yametoka, kafaulu vizuri, kapata nafasi chuo cha uuguzi. Ada ya mwaka wa kwanza ukijumlisha hosteli na sare ilizidi milioni. Nyumbani hela hakuna. Lakini wiki hizohizo alikuja mtu kutoka Lindi mjini, akalizunguka gari mara mbili, akapiga bodi kwa ngumi kama mtu anayenunua nazi, akataja bei. Hiyo bei ingelipa mwaka mzima na kubaki.

Mzee akasema haliuzwi.

Mama akaongea naye usiku. Mjomba akaja na nasaha zake na kikombe cha kahawa. Dada mwenyewe akapiga magoti. Mzee yuleyule barazani, jibu lilelile, haliuzwi, wala haelezi kwa nini. Baada ya miezi miwili dada akafunga begi aende Dar kwa shangazi yake. Asubuhi ya kuondoka mzee akamtilia bahasha ya kaki mkononi. Alikuja kuifungua basi linapita Nangurukuru. Noti za elfu, za mia tano, zimekunjwa vibaya vibaya, zinanuka mafuta ya taa, na sarafu kibao chini ya bahasha. Jumla, shilingi 85,000.

Aliona ametukanwa. Gari la mamilioni wamelalishwa kuku, mtoto anapewa hela za kwenye soksi.

Miaka kumi. Amejifunza kusuka, amejifunza kucha, amepanga fremu, ana wasichana wawili chini yake. Idi anarudi Kitomanga, anamwamkia mzee, anapika, anagawa zawadi, anaondoka. Nyuma ya nyumba haendi. Na ukiwauliza vijana wengi wa mjini watakwambia wanalijua gari hili, ila kwao ni shamba ambalo baba hakuuza, au ni kiwanja, au ni mashine ya kusaga iliyokufa ambayo hakuna ruhusa hata ya kuisogeza.

Basi baada ya zile klipu za Arusha akamwomba mdogo wake apige picha za gari, akazitupia Instagram. Siku ya tatu akaingia inbox jamaa mmoja wa Mikocheni, mpenzi wa magari ya zamani. Hakuzunguka. Kama lilivyo, milioni tatu. Likiwaka na kutembea lenyewe mpaka barabarani, milioni tisa. Na kodi ya fremu ilikuwa inaisha Februari, mwenye fremu kashasema mwaka huu anataka ya mwaka mzima mkononi, hataki hadithi. Desemba dada akafunga saluni wiki mbili, akapanda basi.

Alijiandaa kwa ugomvi njia nzima. Kafika, kamwamkia mzee, kaitikiwa, kakaa kwenye mkeka. Mzee siku hizi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anakuona kama kivuli cha mtu.

"Baba, nataka kuliwasha lile gari."

"Ee."

"Likiwaka nataka kuliuza."

Mzee akanyamaza kidogo, anasugua goti.

"Kwanza liwake," akasema.

Mama alisimama na sinia mkononi, akamtazama mumewe kama vile kaongea Kichina.

Fundi wa kwanza alitoka Lindi mjini, anasifika, ana Rav4 na begi la mashine ya kusomea magari. Akafungua boneti, akainama, akatafuta pa kuchomeka waya. Akatafuta chini ya usukani. Akarudi mbele. Hapakuwa na pa kuchomeka, kwa sababu lile gari halina kompyuta hata ya ukubwa wa punje ya mchele. Ushauri wake ukawa ule mnaoujua, ng'oa injini yote, weka ya Toyota. Akapewa hela ya mafuta, akaondoka zake.

Aliyeliweza alikuwa dogo wa kijiweni. Umri miaka 22, anatengeneza Boxer na TVS chini ya mkorosho karibu na stendi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Hajawahi kugusa Land Rover maishani. Lakini kila siku ya Mungu anafungua kabureta, anasafisha plagi, anatafuta cheche imepotelea wapi. Gari la zamani la petroli ni hivyo hivyo, vitu vimeongezeka ukubwa na idadi tu. Mafundi wengi wa magari mjini wameshasahau kabureta kwa sababu magari ya siku hizi hayana. Kumbe ujuzi haukufa, umehamia kwa mafundi bodaboda.

"Dada, mimi sikuahidi," dogo akasema. "Ila nipe siku tano."

Na jambo la kwanza alilolisema baada ya kuingia uvunguni ndilo lililoanza kumchanganya dada.

"Hili gari halijaharibika."

"Halijaharibika vipi, lina miaka kumi na sita hapa?"

"Njoo uone."

Chini ya chasisi, kwenye majani marefu, kulikuwa na magogo manne ya mninga. Gari limepandishwa juu yake, tairi hazigusi ardhi. Betri haipo, imetolewa kwa spana, siyo kuibwa, nyaya zimefungwa vizuri kwa mpira wa tyubu. Bomba la ekzosi limezibwa kwa kitambaa, mdomo wa kabureta nao umezibwa. Rejeta haina tone la maji. Dogo alipofungua plagi akakuta ndani ya silinda kuna utando wa oili mzito kama asali, oili ambayo mtu aliimimina kwa makusudi kisha akarudisha plagi. Aliyefanya hivi hakuwa anatupa gari. Alikuwa analilaza ili siku moja aliamshe.

Dada alikua akiambiwa kwamba gari liliharibika, mzee akakosa hela ya spea, basi. Hakuna aliyemwambia uongo hasa. Mtoto huwa anajijazia mwenyewe.

Habari yenyewe, kama wazee wa pale wanavyoikumbuka, ilikuwa hivi. Kabla ya 2003 ukitaka kwenda Dar unavuka Rufiji kwa pantoni, na masika ikikolea barabara inafungwa, Kusini yote inabaki kisiwa. Ndani ya kisiwa hicho mwenye Land Rover alikuwa mtu mzito. Mzee alibeba watu kwenda Mchinga, kwenda Lindi mjini, kubeba korosho, kubeba maiti, kubeba maharusi, njia ya mchanga na tope ambayo gari dogo lisingethubutu. Agosti 2003 likafunguliwa daraja la Mkapa. Miaka iliyofuata lami ikashuka kutoka Nangurukuru mpaka Mbwemkuru, na kutoka Mbwemkuru mpaka Mingoyo. Mabasi yakaanza kupita Kitomanga mchana kweupe, siti laini, muziki, na nauli ya kwenda Lindi ikawa chini ya gharama ya petroli ya Land Rover. Kila mtu alishangilia lami, na walikuwa na haki ya kushangilia. Mzee pia alishangilia. Alikuwa hajapiga hesabu.

Turudi bandani. Dogo alitia dizeli iliyochanganywa na oili kwenye silinda zote nne akaacha usiku mbili. Injini iliyokaa muda mrefu hailazimishwi. Ringi zikiwa zimeshikana na ukuta wa silinda, ukipiga stata kwa nguvu unazivunja na hapo ndipo unaponoki injini ambayo ilikuwa nzima. Land Rover za enzi hizo zinakuja na chuma cha kuzungushia kwa mkono, kinapita kwenye bampa la mbele. Siku ya tatu dogo akakishika, akasukuma kidogo. Kigumu. Akasukuma tena. Kikasogea upana wa kidole, na ndani kukasikika kama mtu mzima anayegeuka kitandani.

"Haijajam," dogo akasema, na dada akajikuta amepiga makofi peke yake.

Tenki hawakuhangaika nalo kwanza. Petroli iliyobaki chini ilikuwa imegeuka ute wa kahawia unaonuka vanishi, ukiiingiza kwenye kabureta unaua kila tundu. Wakatundika kidumu cha lita tano juu ya boneti, mpira mwembamba mpaka kwenye kabureta, mafuta yanashuka yenyewe. Kabureta ikafunguliwa juu ya gunia, kila kitundu kikapulizwa kwa mdomo. Bomba la mafuta lilizibwa na nyigu, wamejenga kwa udongo kana kwamba wamepewa hati. Zile pointi za ndani ya distribyuta zilikuwa na ukungu wa kijani, zikapitishwa msasa. Usiku dogo akalaza plagi juu ya chuma cha injini, dada akazungusha, na cheche ya bluu ikaruka gizani. Alikuwa kavaa dera na kandambili, kucha za bandia zimebaki tatu.

Mipira ya breki iliagizwa Gerezani, ikaja na basi, konda akairusha dirishani pale stendi. Breki zilichukua siku mbili nzima na hazina stori, ni jasho tu na mafuta ya breki kwenye macho.

Daftari lilipatikana siku ya nne. Chini ya kiti cha abiria kwenye Land Rover zile kuna kisanduku cha vifaa. Dada alikifungua kutafuta spana ya magurudumu. Akakuta jeki, kamba, na kaunta buku limefungwa kwenye mfuko wa rambo, mara mbili, na kamba ya katani juu.

Juu limeandikwa kwa bikari ya bluu: WASAFIRI WA KUKOPA.

Kurasa na kurasa. Jina, tarehe, alikokwenda, nauli, na mwisho safu ya ahadi. Mwaka 2001, Mchinga, mia tano, "korosho zikiuzwa". Mwaka 2004, Lindi, elfu moja, "ufuta". Mwingine "mwisho wa mwezi". Mwingine "mwanawe akituma kutoka Dar". Kuna mwalimu, kuna watu wa msikitini, kuna mjomba yuleyule wa nasaha, kurasa tatu tofauti. Katikati kuna moja imepigwa mstari chini: usiku, Lindi, mke wa mtu fulani, uchungu, "asidaiwe". Ukifika 2007 na 2008, malipo ya korosho yanakuja kwa awamu na ahadi zinazidi kuwa ndefu, lakini safari zenyewe zinapungua, tatu kwa wiki, moja kwa wiki. Waliokuwa na hela taslimu walipanda basi. Land Rover ilibaki ya wasiokuwa nayo. Kisha kurasa nyeupe.

Dada akajumlisha kwa simu, kakaa kwenye benchi la nyuma la gari. Milioni moja na laki tatu na ushee.

Angefunga daftari pale ingekuwa stori ya kuchekesha ya kuposti. Akafunua mwisho kabisa. Karatasi za mwisho zimeandikwa kwa bikari nyeusi, mwandiko uleule lakini umetetemeka, na juu tarehe, Machi 2014. Majina yaleyale yamerudiwa. Mbele ya kila jina kuna neno. "3,000." "Kesho." "Amefariki." "5,000." "Hakuwepo." "Kesho." "Kanitukana." "2,000 na kuku." Kurasa mbili na nusu. Mwisho amepiga mstari, akajumlisha.

85,000.

Chini yake neno moja, "chuo", na mbele yake hakuna kitu.

Mama alikuwa anapepeta mchele uani. Dada alisimama mbele yake na lile daftari.

"Mama, ulijua?"

Mama hakuhitaji kusoma. "Alikuwa anatoka na baiskeli alfajiri, anarudi jioni. Wewe ulidhani anakwenda shamba."

"Si angeuza tu gari!"

"Nilimwambia hivyo. Akasema deni ni la gari. Gari likiondoka, watu watasema na deni limeondoka."

Hapo mtu anaweza kulia na kusamehe, muziki ukapanda. Dada hakufanya hivyo. Alikasirika upya, tena zaidi, kwa sababu sasa alijua kwamba mzee alihangaika kijiji hadi kijiji kuomba kilicho chake, akarudi na elfu themanini na tano, na bado asubuhi yake gari lilikuwepo bandani na mnunuzi yupo. Hesabu ya mzee ilikuwa mbovu. Chuo kilimpita mtoto, deni halikulipwa, gari likaliwa na kutu. Daftari haliyafuti hayo. Ila bahasha ile aliyoibeba moyoni miaka kumi kama tusi, hilo alishindwa kuendelea nalo. Usiku ule hakula.

Siku ya tano watu walishajua. Kitomanga siyo kubwa kiasi cha kuficha Land Rover. Watoto wamekaa juu ya ukuta, bodaboda wameegesha, wazee wawili watatu wako mbali kidogo wanajifanya wanapita. Mzee kawekewa kiti barazani. Betri imeazimwa kwa mwenye lori la ufuta. Dogo akapiga stata. Ikazunguka kwa uvivu, ikagoma. Tena. Ikakohoa, ikatema moshi wa bluu wa ile oili ya miaka kumi na sita, kuku wakaruka na kelele zao. Mara ya nne ikashika. Inatetemeka, inaruka, lakini imeshika.

Watu wakapiga kelele. Mzee akainua mkono, wakanyamaza. Ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Ya tatu haichomi," akasema.

Dogo akazima, akafungua plagi ya silinda ya tatu. Nyeusi, imelowa. Akaibadilisha, akawasha, injini ikatulia ikaanza kuimba sawasawa. Dogo alimtazama yule mzee asiyeona, akavua kofia.

Klachi ilikuwa imegandana na flaiwili kwa kutu, gia haziingii. Hiyo wakaitoa kwa ujanja wa mzee mwenyewe, anaelekeza kutoka kwenye kiti. Gari bado liko juu ya magogo, tairi zinaning'inia, wakaliwasha likiwa ndani ya gia, likapata moto. Kisha dada akakanyaga klachi mpaka chini na dogo akavuta breki ya mkono kwa ghafla. Kwenye Land Rover zile breki ya mkono haikai kwenye magurudumu, inakamata shafti inayotoka kwenye gia boksi. Kukalia tak, klachi ikaachia.

Sasa nani aendeshe? Dogo anajua pikipiki. Mzee haoni. Akabaki dada, ambaye amejifunzia IST ya otomatiki. Mzee akapandishwa kiti cha kushoto, mkono kautoa dirishani kama zamani.

"Klachi siyo mende mwanangu, huikanyagi ukakimbia. Iachie polepole."

Lilizima mara tatu. La nne likatoka bandani, likashuka kichochoro, likafika lami, mita kama mia tatu hivi, watoto wanakimbia nyuma. Pembeni watu wanasimama kutazama, wengine wanapunga. Wazee wawili waliposikia ule mlio waliingia ndani wakafunga mlango. Mama ndiye aliyewaona, alicheka mpaka akakaa chini.

Kabla ya kumpigia jamaa wa Mikocheni kulikuwa na jambo moja. Bodi ya Land Rover ni alumini, haiozi, ndiyo maana kwenye picha lilionekana zima. Chasisi ni chuma, na upepo wa bahari umekuwa ukiila kwa miaka yote hiyo kutoka ndani. Dogo aligonga kwa nyundo karibu na springi ya nyuma, nyundo ikazama. Tundu la kuingiza ngumi. Alikuwepo dalali mmoja akashauri wapake lami na rangi nyeusi, mnunuzi wa mjini hatainama. Dada akafikiria, msidhani hakufikiria. Kodi ya fremu ilikuwa inamngoja. Mwisho akapiga video ya lile tundu, nyundo ikiwa imekaa ndani, akaituma.

Jamaa akakaa saa nzima kimya. Akarudi na sita.

Dada akamsomea mzee meseji. Mzee akauliza kodi ya fremu ni ngapi, akaambiwa. Akauliza nyingine itakwenda wapi. Kwa mama, na kwa daktari wa macho.

"Uza. Daftari linabaki."

Lori la kubebea magari lilikuja wiki ya kwanza ya Januari. Land Rover ilipanda yenyewe, dogo akiwa kwenye usukani, sasa kashajua klachi. Mzee hakutoka nje. Alisikiliza mpaka lori lilipokunja kuelekea Mbwemkuru, akaomba maji ya kutawadha.

Siku iliyofuata, dada yuko anapanga begi la kurudi Dar, akabisha hodi mzee mmoja, mmojawapo wa wale waliofunga mlango. Mkononi ana mfuko wa korosho zilizobanguliwa, kilo mbili hivi, na noti ya elfu mbili. Hakutaka kuingia ndani. Akasema amesikia gari limeondoka, na yeye anakumbuka kuna safari ya Lindi, mwaka ule wa harusi ya mwanawe, na pengine nyingine ya Mchinga.

Mzee akamwita dada aje na daftari, kwa sababu mwenyewe hasomi tena. Dada akakaa kwenye mkeka katikati yao, akafunua, akatafuta jina kwa kidole. Zilikuwa safari nne. Mgeni akashangaa, akasema mbili hazikumbuki. Mzee akamkumbusha moja baada ya nyingine, nani alikaa upande gani, mvua ilinyesha wapi, mbuzi wa nani alikojolea benchi. Mgeni akacheka, akakubali zote.

"Futa mbili," mzee akamwambia dada. "Mbili atamalizia ufuta ukitoka."

Dada akachukua bikari kwenye pochi yake ya vipodozi, akafuta mbili, na kwenye safu ya mwisho akaandika "ufuta".